Chai Juu ya Kibodi

Simu ililia saa mbili kasorobo,
nikiwa bado nafunga kamba za viatu, Ngara.
"Fundi, tumekufa," akasema Nyaboke.

Wateja wangu hufa mara kwa mara.
Mmoja alikufa juzi kwa ajili ya plagi iliyolegea.
Mwingine alikufa Jumamosi nzima, kumbe ni karatasi
iliyojikunja ndani ya printa kama sambusa.
Nikamwuliza, "Umekufaje?"
"Chai."

Ya maziwa, ya tangawizi, sukari vijiko vitatu.
Maji matupu yana huruma kidogo.
Chai ya sukari huingia chini ya herufi
ikakaa kama mpangaji asiyelipa.

Nikamwambia: zima. Chomoa waya.
Ilaze kifudifudi, kama mtoto aliyepaliwa.
Na usiiwashe ati uone tu.
Hiyo "nione tu" imezika mashine nyingi kuliko chai.

Duka lake liko Kamukunji, mgongoni mwa wafua mabati.
Nyundo za nje hazikuwa na habari ya msiba.
Foleni imefika mlangoni; Nyaboke anaandika risiti kwa mkono
nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita;
Wafubwa, karani, amebanana na makarai,
kikombe bado mkononi,
kama mtu aliyekutwa na kisu.

Na mbele ya wote, Bwana Mbaluka,
anayedaiwa tangu Aprili elfu kumi na nane na mia nne,
ametoa leso yake mwenyewe kusaidia kupangusa.
"Pole mama. Maji yakimwagika hayazoleki."
Sijapata kuona mtu akifariji
kwa furaha kiasi kile.

Skrubu kumi na moja. Nikazipanga kwenye kifuniko cha soda.
Ubao wa ndani ulinata, unanukia kama kifungua kinywa,
na ulikuwa umekwisha. Sikumficha.
Lakini diski hukaa upande wa pili,
na chai, kwa sababu zake, haikufika huko.
Nikaichomoa, nikaipachika kwenye mashine yangu.

Dakika saba.
Nyaboke hakuketi.
Kisha likajitokeza jalada la kwanza, kwa herufi kubwa,
jinsi yeye mwenyewe anavyolitamka:
MADENI.

Bwana Mbaluka alikunja leso
akaitia mfukoni ikiwa mbichi.

Saa nne na robo foleni ikasogea.
Nilikuwa nimewaachia mashine yangu ya akiba,
ile ambayo H yake huitika ikipenda,
basi risiti za siku hiyo zote zilisema LIPIA APA,
na watu walilipia apo apo.

Nyaboke alitaka kumfukuza kijana.
Nikasema, na atakayekuja, yeye hanywi chai?
Mpe kazi. Kila jioni kabla ya kufunga
anakili vyote kwenye kiflashi hiki,
na kiflashi kilale nyumba nyingine,
kisilale hapa na wewe na moto na wezi.
Wafubwa akakitia uzi, akakivaa shingoni.
Kikombe akakiweka nje, juu ya pipa,
na huko ndiko anakonywea hadi leo.

Nikarudi kwa miguu, nikihesabu malipo.
Simu hii ninayoishika ni mpya.
Ya zamani ilitumbukia ndoo ya kufulia, mwezi wa tatu,
pamoja na sauti ya mama: jumbe kumi na moja.
Moja lilikuwa kikohozi tu, na kuku,
na "basi, nitakupigia baadaye."
Nilifungua skrubu. Nilipuliza. Siku nne kwenye mchele.
Mimi, ninayeimbia mji mzima nakala, nakala.
Kinyozi hajinyoi.

Ikalia tena nikiwa navuka Ring Road. Namba nisiyoijua,
mwanamume, anahema.
"Fundi, tumekufa."
Nikahamia kivulini ili nimsikie vizuri.
"Haya, baba. Umekufaje?"